Povu la Chini ya Bati: La Kijivu na Leupe Si Ndugu

Jamani karibuni, leo salamu fupi, maana oveni imeshapata moto. Mkono wa kulia nina kipande cha povu la kijivu la polietilini iliyofungwa wavu, lile linalouzwa kama jora la kitambaa, lina foili juu, la kuweka chini ya bati kupunguza joto. Upana na urefu mtasoma kwenye nailoni yake. Kushoto ni lile jeupe la bei rahisi. Yote milimita 5. Dukani utaapa ni ndugu.

Nayaingiza pamoja, nyuzi 130. Msijaribu jikoni kwenu, mimi niko nje na oveni hii haipikii chakula.

Tukisubiri, niwaambie hili la kijivu linavyotengenezwa. Wanachukua punje za polietilini, plastiki ya mifuko, wanachanganya na unga wa njano unaoitwa azodikabonamaidi. Mchanganyiko unayeyushwa kwa joto la kiasi, ili unga usianze kazi mapema, unatoka karatasi nene isiyo na tundu hata moja. Karatasi hiyo inapigwa miale ya elektroni, viwanda vingine vinatumia kemikali iitwayo peroksaidi, na hapo ndipo penye siri. Molekuli zilikuwa kama nyuzi za mshipi zilizolala pamoja, ukivuta mmoja unachomoka. Sasa zinapigwa mafundo, zinakuwa wavu. Halafu tanuri, zaidi ya nyuzi 200. Unga unavunjika, unatoa gesi, nyingi yake naitrojeni, na karatasi inaumuka kama andazi. Wavu unaishika gesi isitoroke, vitundu vinabaki vidogo, kila kimoja kimejifunga peke yake. Mita moja ya ujazo ya polietilini tupu ina kilo 920 hivi. Ikiumuka mara 30, ujazo uleule unabaki na kilo 30 tu!

Haya, nafungua. Sogeza kamera. Zaidi, zaidi. Mnaona? Jeupe limenywea, limekuwa utando, limeganda kwenye sinia. Nalikwangua kwa kisu halitoki. Na hili la kijivu... limejikunja pembeni, foili imefanya makunyanzi, lakini nalinyanyua na koleo, bado ni kipande kizima. Mafundo yale hayafunguki kwa joto. Nalipenda sana hili! Ngoja nishike kipande kingine ambacho hakijaingia ovenini. Nabonyeza kwa dole gumba, naachia, linarudi. Hiki nimekizamisha kwenye ndoo tangu jana. Nakikata katikati mbele yenu, pakavu kabisa. Mvua ikipenya kwenye msumari, halinywi maji kama godoro.

Sasa linaloniudhi. Muuzaji aliniambia hizi milimita 5 ni sawa na pamba ya kioo, ile ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto, ya milimita 50. Si kweli, na watu wanajengea nyumba maneno haya. Povu jembamba hivi peke yake linazuia joto kidogo. Kazi kubwa ni ya foili, maana alumini halisi inarudisha karibu asilimia 95 ya mionzi ya joto, lakini lazima iwe na nafasi ya hewa mbele yake. Fundi wako akilibana foili ikagusa bati, joto linapita kwa kugusana, na hela yako imelala pale juu. Tazama vipande hivi viwili vya bati vilivyokuwa juani. Hiki foili imegusana nacho, weka kiganja chini yake: joto. Hiki kina papi, yaani ubao mwembamba, katikati, pengo la sentimita mbili na nusu: tofauti unaisikia mwenyewe. Mwambie fundi kabla hajapanda ngazi!

Tena hakikisheni ni alumini kweli, si plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Na polietilini inaungua, wavu au bila wavu, kwa hiyo ulizia lenye dawa ya kuzuia moto na usilipitishe karibu na bomba la moshi.

Bei, mimi nimelipa karibu mara mbili ya jeupe. Nimenung'unika dukani, ila nikiangalia hili sinia sinung'uniki tena. Kuhusu chaneli, video sasa zinatoka Jumatano, si Ijumaa. Paa la sebule yangu nimeweka povu nusu, nusu nimeacha makusudi. Jumatano ijayo ile nusu nyingine inapata pamba ya kioo, na vipimajoto viwili vitaning'inia kwenye kenchi kuanzia asubuhi.