Kulipia mafuta ukivuka mpaka wa Kenya pale Busia, Malaba au Isebania: njia ipi ianze, ipi iwe ya mwisho

Sukari ukishindwa kuilipia unairudisha kwenye rafu. Petroli ikishaingia kwenye tangi, imeingia. Kadi ikigoma wakati huo, gari halitoki kituoni mpaka pesa zipatikane, na mhudumu ndiye atakayekatwa mshahara pengo likibaki, kwa hiyo usitarajie uvumilivu mwingi. Kwa sababu hiyo hatukupanga njia za malipo kwa urahisi wake. Tulijiuliza kwanza ni ipi haitakuangusha mafuta yakiwa tayari ndani, kisha ni ipi inakula pesa kidogo.

Kwa mahesabu ya hapa tuseme shilingi 1 ya Kenya ni 27.5 za Uganda, na lita ya petroli upande wa Uganda ni 5,000 za huko. Viwango hivi hupanda na kushuka, kwa hiyo angalia vya siku yenyewe kabla ya kutoka.

Kabla ya yote: jaza tangi nyumbani

Kutoka Kisumu hadi Busia kupitia Maseno, Luanda na Ugunja ni kama kilomita 115. Busia hadi Kampala kupitia Bugiri, Iganga na Jinja ni kama 200. Gari dogo la 1500 cc linalokwenda kilomita 13 kwa lita litakunywa takriban lita 24 kufika. Ukitoka na tangi la lita 45 likiwa limejaa, unaingia Kampala ukiwa na lita 20 hivi, na utakachohitaji kununua huko ni lita chache za mizunguko ya mjini na za kuongezea njia ya kurudi. Anayetoka Nakuru ana kama kilomita 280 kabla ya kufika Malaba, kwa hiyo ajaze tena Bungoma. Anayekwenda Mwanza kupitia Isebania ajaze Migori, maana kutoka Sirari, upande wa Tanzania wa mpaka huo, kuna karibu kilomita 300 kupitia Tarime, Bunda na Magu.

Upande wa Kenya, EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya juu kila tarehe 14 ya mwezi, na huanza kutumika tarehe 15. Ikiwa safari yako ni tarehe 14 au 15, subiri tangazo kabla ya kuamua ujaze lini. Uganda hakuna bei ya juu inayowekwa na serikali. Vituo viwili vinavyotazamana barabarani vinaweza kutofautiana, basi soma ubao kabla ya kukata kona. Tanzania bei kikomo hutoka EWURA, mamlaka ya nishati ya huko, kila mwezi, na kanda ya ziwa huwa juu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya umbali kutoka bandarini.

Ziada ibaki ndani ya tangi la gari tu. Usivuke na mtungi wa plastiki kwenye buti: ni hatari ya moto, na maafisa wa forodha watakuwa na maswali.

Nafasi ya kwanza: noti za nchi unayoingia

Hakuna kituo kinachokataa noti zake. Mtandao ukipotea, umeme ukikatika na jenereta ikawashwa kwa ajili ya pampu tu, noti bado inalipa. Shida ya pesa taslimu haiko kituoni, iko pale unapobadilishia.

Pale Busia na Malaba vijana wenye mabunda watakukimbilia kabla hujazima injini. Wengi ni wafanyabiashara wa kawaida, ila wachache wanajua kucheza. Mchezo wa kwanza ni kikokotoo: anabonyeza haraka, anakuonyesha namba yenye sifuri moja pungufu, nawe uchovu umekushika. Wa pili ni noti iliyokunjwa katikati ya bunda ili ihesabiwe mara mbili. Wa tatu ni kuchukua bunda tena "nihakikishe", likarudi likiwa jembamba.

Dawa yake ni utaratibu. Piga hesabu kwenye simu yako kabla ya kushuka. Elfu 5 za Kenya kwa 27.5 ni 137,500 za Uganda, hivyo akikutajia laki moja na ishirini na tano, unajua papo hapo kwamba anakupa kiwango cha 25. Pokea zake kwanza, hesabu noti moja moja ukiwa umesimama nje ya gari, halafu toa zako. Akizichukua tena mkononi kwa sababu yoyote, anza kuhesabu upya au vunja biashara. Usibadilishe kupitia dirishani, injini ikinguruma na msongamano ukikusukuma.

Tofauti ya kiwango si ndogo. Lita 40 kwa 5,000 ni 200,000 za Uganda. Kwa 27.5 utatoa kama 7,270 za Kenya. Kwa 26 utatoa karibu 7,690. Hizo mia nne na ishirini ni zaidi ya lita mbili. Badilisha mpakani kiasi cha kukufikisha mjini tu, kingine ubadilishe benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, Jinja au Kampala.

Chukua noti za kati. Noti kubwa ya Uganda ni ya 50,000, na asubuhi mapema kituo cha kijijini huenda hakina chenji. Ukikosa za 10,000 na 20,000, taja kiasi kamili, "weka ya elfu hamsini", badala ya kuomba lita. Tanzania noti kubwa ni ya 10,000, kwa hiyo bunda litakuwa nene. Noti zao za zamani, zilizochapwa kati ya 1985 na 2003, ziliondolewa sokoni mapema 2025. Ukipewa chakavu usiyoifahamu, irudishe hapo hapo.

Nafasi ya pili: pesa za simu kwa laini ya huko

Kwa anayevuka mara kwa mara, hasa wenye malori na wafanyabiashara wa Busia, njia hii inashindana na noti, na kwa usalama wa mfukoni inaizidi. Uganda ni MoMo ya MTN kwa *165# au Airtel Money kwa *185#. Rwanda ni MTN kwa *182#. Tanzania ni M-Pesa ya Vodacom kwa *150*00#, na vituo vingi hubandika Lipa Namba karibu na pampu.

Wakenya wengi hukosea hapa: usitegemee M-Pesa ya Safaricom ilipe moja kwa moja kwenye namba ya kituo cha Uganda. Till na Paybill unazozijua zinaishia mpakani. Unachofanya ni kutuma kupitia M-Pesa Global kwenda kwenye laini yako ya MTN au Airtel, kisha ulipe kituo kutoka kwenye laini hiyo. Jisajili kwa *840# ukiwa bado nyumbani, na uombe romingi ya laini ya Safaricom kabla ya kuvuka. Kiwango cha kubadilisha huonyeshwa kabla hujathibitisha, kilinganishe na cha mpakani.

Kusajili laini Uganda au Tanzania, beba pasipoti. Kitambulisho cha Kenya kinakuvusha Busia bila shida, lakini kwenye dawati la laini mgeni huombwa pasipoti, na kuna kuchukuliwa alama za vidole. Isajili dukani kwa mtandao wenyewe. Iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine itakufungia pesa siku ukisahau namba ya siri.

Ukiwa na salio, lipa moja kwa moja kwa namba ya kituo badala ya kutoa kwa wakala kisha kulipa noti. Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa, juu ya ada ya wakala. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea. Mhudumu akikupa namba yake binafsi badala ya ya kituo, pesa itafika lakini risiti haitafanana, na mwajiri wako hatairudisha.

Nafasi ya tatu: kadi ya benki yenyewe, ya plastiki

Kadi ya Visa au Mastercard yenye chipu ni nzuri Kampala, Jinja, Kigali na Mwanza, kwenye vituo vya majina makubwa. Bugiri, Tarime au barabara ya ndani, ihesabu kama akiba.

Fanya mambo matatu nyumbani. Fungua matumizi ya nje ya nchi kwenye programu ya benki, kwa kuwa kadi nyingi huwa zimefungwa. Angalia kikomo cha siku. Uliza ada ya kubadilisha fedha ni asilimia ngapi. Ikiwa ni 3, zile 200,000 za Uganda zitakugharimu kama 7,490 za Kenya, yaani bado nafuu kuliko mbadilishaji wa 26. KCB na Equity zina matawi Uganda, Tanzania na Rwanda, lakini akaunti yako ni ya shilingi za Kenya, kwa hiyo usidhani bango lile lile lina ada ile ile.

Kituoni, uliza kwanza: "Mashine ya kadi inafanya kazi sasa hivi?" Si "mna mashine?", maana mashine iko, ila mtandao wake haupo. Hata akijibu ndiyo, mwambie ailete uione imewaka kabla ya kushika bomba. Ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au za huko, chagua za huko. Ukichagua za Kenya, kiwango kinachotumika ni cha mwenye mashine, si cha benki yako, na kwa kawaida ni kibovu.

Balaa la kawaida ni malipo kukatika katikati. Mashine inasema imeshindikana, huku ujumbe wa benki unasema umekatwa. Usiingize kadi mara ya pili kwa haraka. Omba karatasi ya malipo yaliyokataliwa, angalia ujumbe wako, na kama pesa imetoka, mwite msimamizi kabla ya kulipa kwa njia nyingine. Karatasi hiyo ina saa, kiasi na namba ya mashine, na benki itaitaka utakapodai urejeshewe. Bila hiyo utazungushwa.

Kadi hiyo hiyo inatoa noti kwenye ATM. Toa mara moja kiasi kikubwa kuliko vidogo vidogo, sababu kila mara unalipa ada ya benki yako na pengine ya benki yenye mashine. Hapo pia kataa kubadilishiwa na mashine.

Nafasi ya nne: dola

Dola ni akiba ya dharura ya kubadilisha, si ya kumpa mhudumu. Uganda noti za 100 za toleo jipya la bluu hupata kiwango kizuri. Ndogo, za zamani au zilizochanika hupunguziwa. Tanzania kanuni za 2025 zinakataza kulipia bidhaa za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dola kituoni ni kumtafutia mhudumu kesi.

Za mwisho

Kadi ya mafuta ya kampuni inafaa nyumbani. Ng'ambo, hata bango likiwa lile lile, mara nyingi mkataba ni wa nchi moja. Pata jibu la maandishi kutoka kwa aliyeitoa kabla dereva hajaondoka.

M-Pesa GlobalPay ni kadi ya Visa isiyo na plastiki, iliyoanzishwa 2022 kwa ununuzi wa mtandaoni. Hakuna cha kuingiza kwenye mashine ya pampu. Itumie kulipia hoteli, si petroli.

Shilingi za Kenya hupokelewa Busia na Malaba upande wa pili, na Sirari utawapata wanaozitaka kimyakimya. Kiwango anakipanga mhudumu, na ukishapita Tororo au Bugiri thamani yake inazidi kudidimia. Mafuta ya chupa na mitungi kando ya barabara za mpakani hayamo kwenye orodha: yanataka noti tu, hayana risiti, na yakiwa yamechanganywa na mafuta ya taa, pampu ya dizeli ya gari lako ndiyo itakayolipa.

Unachobeba basi, kwa safari ya Kisumu hadi Kampala na kurudi: tangi lililojaa, noti za Uganda zinazotosha lita 15, yaani kama 75,000, laini ya MTN yenye salio, na kadi iliyofunguliwa. Kwa Kigali zidisha, na kumbuka kuna fedha ya tatu na unaendesha upande wa kulia.

Ukirudi, salio la MoMo limalize kwenye pampu ya Tororo au Busia ya Uganda kabla ya forodha. Noti zilizobaki zibadilishe upande huo huo, na sarafu zinunulie maji, maana wabadilishaji hawazigusi.