Huduma ya Kupanga Upya Deni la Kadi ya Mkopo: Tathmini Kutoka Kisumu

Mshahara wa mume wangu ulipopunguzwa, tuliiomba benki yetu hapa Kisumu itupangie upya deni la kadi ya mkopo. Afisa aliyetuhudumia anastahili sifa: aliisimamisha kadi, akalihamishia salio kwenye mkopo wa kawaida wenye riba nafuu, na akatueleza kwa subira kwamba anayelipa kiwango cha chini pekee kila mwezi huishia kulipa riba huku deni lenyewe likipungua kidogo mno. Alisisitiza pia, na hili ndilo lililotufaa kuliko yote, kwamba mteja afike kabla ya siku 90 za kutolipa, kwa kuwa baada ya hapo mkopo huhesabiwa kuwa mbovu, na mkopaji anaweza kuorodheshwa CRB, yaani shirika linalotunza kumbukumbu za ulipaji mikopo.

Kasoro yao ni kutotutajia kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachozuia riba inayodaiwa kwenye mkopo uliokwisha kuwa mbovu isizidi salio la msingi. Haki kama hiyo ilistahili kubandikwa ukutani. Ada ya kubadilisha mkopo nayo, kwa maoni yangu, ni kubwa mno kwa familia iliyokwisha kubanwa.