Kliniki ya Afya ya Marubani: Tathmini ya Rubani Aliyevuta Sigara kwa Miaka 19

Kila mwaka huwa napimwa afya ili nihuishe cheti changu cha afya ya urubani cha daraja la kwanza, na katika kliniki nilizozoea kwenda, habari ya sigara iliishia kwenye fomu: unaweka alama ya "ndiyo", unaandika idadi kwa siku, kisha unaitwa kupimwa macho. Kliniki niliyohamia safari hii ilikuwa ya kwanza kulichukulia suala hilo kama jambo linalohusu kuruka, na ndiyo sababu ya kuandika tathmini hii.

Daktari, ambaye ana idhini ya kupima marubani, aliisoma fomu yangu kisha akauliza, "Kapteni, sigara ya mwisho umevuta saa ngapi?" Nilimjibu kwamba hazijapita dakika 40. Akanipa kifaa kidogo chenye mrija wa karatasi, akaniagiza nivute pumzi, niibane kwa sekunde 15, kisha niitoe taratibu mpaka iishe. Namba ilipanda, ikasimama kwenye 22. Hizo, alinieleza, ni sehemu 22 za kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi wa sigara, katika kila sehemu milioni za pumzi yangu, na maana yake ni kwamba takriban asilimia 4 ya himoglobini yangu, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa imeshikwa na gesi hiyo na haiwezi kubeba oksijeni.

Hapo ndipo kliniki hii ilipostahili sifa, kwa maana daktari hakunihubiria. Alichukua karatasi, akachora mstari wa mwinuko, akanionyesha kwamba kaboni monoksidi hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kwamba nusu yake huchukua saa 4 hadi 6 kutoka mwilini, kwa hiyo kuacha kuvuta saa moja kabla ya safari hakusaidii kitu. Kabini ya ndege ya abiria huweza kuwa na hewa nyepesi kama ya mwinuko wa futi 8,000, na uwezo wa macho kuona gizani huanza kupungua kwenye futi 5,000 hivi, hata kwa mtu asiyevuta. Mvutaji hufika kwenye hali hiyo mapema, kwa sababu damu yake ilikwisha kupungukiwa na oksijeni tangu ndege ikiwa ardhini. Nilikumbuka safari za usiku ambazo nilikuwa naongeza mwanga wa ramani nikidhani ni umri.

Kipimo cha mapafu nacho kilisimamiwa kwa makini. Fundi alinirudisha mara tatu kwenye spirometa, kwa kuwa mara mbili za mwanzo nilikatisha pumzi kabla ya wakati. Katika hewa yote niliyopuliza, asilimia 72 ilitoka katika sekunde ya kwanza. Daktari alisema ingeshuka chini ya 70 angenipeleka kwa mtaalamu wa mapafu kabla ya kutia saini. Alisisitiza pia jambo ambalo marubani wengi tunalichanganya: kuvuta sigara peke yake hakumnyimi mtu cheti. Kinachomnyima ni kile kinacholetwa na sigara, kama mishipa ya moyo kuziba, mapafu kuharibika, au hewa kuvuja ikajikusanya nje ya pafu na kulibana, hali ambayo ni hatari zaidi angani kwa sababu hewa iliyonaswa hutanuka kadiri ndege inavyopanda.

Ushauri wa kuacha ndio uliokuwa wa thamani kuliko yote. Bandiko na chingamu ya nikotini alinikubalia, ila alinionya nisimeze kidonge chochote cha kuacha sigara bila kumuuliza, akanitajia vareniklini, dawa ambayo mamlaka ya anga ya Marekani iliwazuia marubani kuitumia tangu 2008. Daktari wa kawaida angeweza kuniandikia dawa hiyo kwa nia njema kabisa. Alinitaka pia nianze nikiwa likizoni, kwa kuwa siku za mwanzo bila nikotini huja na hasira, usingizi wa mang'amung'amu na umakini uliopungua, na mtu wa namna hiyo hafai kuketi kwenye usukani.

Kasoro zipo. Kutoka kipimo cha moyo hadi kumwona daktari nilikaa karibu saa mbili bila mtu kunieleza sababu. Hakuna aliyenipigia simu baadaye kuuliza naendeleaje, nilijirudisha mwenyewe. Kubwa zaidi, fomu yao inauliza kuhusu sigara za tumbaku tu, kwa hiyo rubani anayetumia sigara ya kielektroniki anaweza kujibu "hapana" bila kusema uongo, na kifaa cha pumzi hakitamgundua kwa sababu mvuke huo hautokani na kitu kilichoungua, ilhali nikotini inaendelea kukaza mishipa yake na kumpandisha mapigo ya moyo. Niliwaandikia kuhusu hilo na naomba walirekebishe.

Nilirudi baada ya wiki 6 nikiwa sijavuta hata moja. Nikapuliza kwenye kifaa kilekile chenye mrija wa karatasi, na fundi akaandika 2 kwenye faili langu, chini ya ile 22.