Kupima rifleksi ya goti kwa simu: uzoefu wangu na phyphox

Kwenye mafaili yetu ya fiziotherapia, rifleksi ya goti, yaani mguu unavyoruka wenyewe nyundo ndogo ikigonga chini ya goti, huandikwa kwa tarakimu moja tu: 0 haipo, 2 ya kawaida, 4 kali kupita kiasi. Mgonjwa wa kiharusi akihudhuria kwa miezi, mimi naandika 2, mwenzangu wa zamu anaandika 3, na daktari anauliza kilichobadilika ni mguu au mshika nyundo. Ndiyo maana nikaanza kutumia phyphox, programu ya bure kutoka chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani. Ni ya kufundishia fizikia, haikukusudiwa hospitali, lakini inasoma gairoskopu, kihisi cha mzunguko kilicho ndani ya simu, na hivyo kunipa kasi ya mguu unapozunguka gotini.

Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Simu naifunga kwenye muundi kwa bandeji ya kuvutika, ikaze kwelikweli, maana ikilegea inapima mtikisiko wake yenyewe. Kuanza na kusimamisha nafanyia kwenye kompyuta kwa Wi-Fi. Nagonga kano chini ya pia ya goti, grafu inaruka, namba nazihamishia Excel.

Kilichonikosha ni umbo la grafu. Mguu wa kawaida hurushwa, hurudi, hutulia mapema. Mwenye hitilafu ya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mienendo, mguu wake unaweza kwenda na kurudi kama pembea. Jicho nalo linaliona hilo, ila jicho halitunzi kumbukumbu ya kulinganisha mwezi ujao.

Udhaifu upo kwenye muda. Gairoskopu ikisoma mara 100 kwa sekunde, unapata kipimo kila milisekunde 10, ilhali msuli wa paja huitika kama milisekunde 20 tu baada ya pigo. Tena simu inaona mguu ukisogea, haioni msuli ukianza kuitika. Ukitaka habari za neva, tuseme kwa mgonjwa wa kisukari, tafuta mashine ya EMG, inayopima umeme wa msuli, yenye nyundo ya swichi: pigo linawasha saa, elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme huo) za pajani zinanasa jibu. Nimewahi kuitumia. Ni sahihi, lakini kusafisha ngozi, kubandika elektrodi na kupambana na umeme wa ukutani wa herzi 50 unaoingilia vipimo ni kazi isiyofaa kliniki yenye foleni. Bei ndiyo usiulize.

Hata hivyo mwenye shida kubwa ni mkono. Pigo zito huleta jibu kubwa, na nyundo yangu ni Taylor ya kawaida, ile yenye mpira wa pembetatu, haina sensa ya nguvu. Naiachia ianguke kwa uzito wake kutoka kimo kilekile, narudia, nachukua namba ya kati. Naandika pia kama mgonjwa alifungamanisha vidole na kuvuta, mbinu aliyoieleza daktari Jendrassik wa Hungaria mwaka 1885, kwani yenyewe tu hupandisha jibu.

Kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, au kulia na kushoto, inafaa sana. Kumtangazia mtu ugonjwa kwa sababu namba ni ndogo, hapana. Wapo wenye afya tele ambao goti haliruki hata ulibembeleze. Ukijaribu, zima laini na mtetemo, uache Wi-Fi peke yake: simu ikiita ikiwa muundini, grafu yote inaharibika.