Fidla isiyojirudia: uzoefu wangu na "Pickin' and Fiddlin'"

Nimepiga fidla ya taarab miaka mingi, na sikio langu limezoea fidla tatu nne zikienda pamoja nyuma ya mwimbaji. Ndiyo maana santuri hii ya mwaka 1965 ya blugrasi, muziki wa kasi wa nyuzi wa mashambani Marekani, ilinishika tangu siku ya kwanza. Fidla ni moja tu, haimbi mtu, na mpigaji hana pa kujificha.

Mpigaji mwenyewe ni Byron Berline wa Caldwell, Kansas, kijana wa miaka 20 hivi wakati huo. Baba yake, Lue, naye alikuwa mpiga fidla. Mwaka huohuo wa 1965 Byron alitwaa ubingwa wa taifa kwenye mashindano ya Weiser, Idaho. Waliompigia nyuma ni bendi ya The Dillards ya Missouri: Douglas benjo, Rodney gitaa, Dean Webb mandolini, Mitch Jayne besi.

Vibao hivi vya zamani kwa kawaida vina vipande viwili vifupi, na kila kipande hurudiwa. Kwa mikono mingine vingechosha haraka. Berline kila akirudi anakuja na jipya: mara anateremka kwenye nyuzi nene, mara anabana nyuzi mbili pamoja, mara uta unateleza moja kwa moja pale ulipokuwa unakatakata mwanzo. Hiyo ndiyo tabia ya mashindano ya Texas na Oklahoma, ambako majaji husikiliza unavyougeuza wimbo. Blugrasi ya Bill Monroe, anayeitwa baba wa muziki huu, inadai kasi na msukumo. Hapa umepata vyote. Benjo inachemka, lakini Berline hakimbizwi, na kila noti inasikika safi.

Kibao kimoja humo, "Hamilton County", nilikaa nacho wiki tatu, nikikipiga kwa nusu ya kasi, hata mke wangu akawa anakiimba puani jikoni. Mkono wangu wa kulia umebadilika tangu hapo, nasema kweli.

Kinachoniuma ni ufupi: dakika mbili hivi, kibao kimekwisha wakati ndiyo kwanza umekolea. Mwaka 1967 Monroe alimchukua kijana huyu kwenye bendi yake, na ukiisikiliza santuri hii hushangai.

Itafute, hata iliyotumika; yangu ina mikwaruzo upande wa pili na bado naipenda. Ila usiisikilizie kwenye simu. Tumia spika, la sivyo besi ya Jayne utaikosa yote.