Kitufe cha dharura cha rimoti: kizuri wodini, hatari kwa kibanda cha pesa

Ni rimoti ndogo ya kuvaa shingoni pamoja na king'ora cha volti 12, aina inayopatikana katika maduka ya vifaa vya umeme Kisumu na Nakuru. Ukibonyeza, king'ora hulia mpaka kizimwe.

Kwa wauguzi wa zamu ya usiku, tunakikubali. Anayewavamia huko mara nyingi ni mgonjwa aliyechanganyikiwa au jamaa aliyechoka kungoja, si jambazi aliyejipanga, kwa hiyo kelele humshtua na kuwaleta wenzake. Rimoti ikae mwilini. Ikilala kwenye droo haimfai mtu aliyebanwa ukutani. Angalia kamba pia. Iwe ile inayoachia ikivutwa kwa nguvu, maana kamba ngumu shingoni ni kitanzi cha bure kwa mshambulizi. Nyingi huuzwa na kamba ngumu. Ibadilisheni kabla ya kuanza kuitumia.

Kwa mhudumu wa M-Pesa au wa petroli, king'ora kinacholia palepale hatukipendekezi kabisa. Mwizi mwenye panga au bunduki akishtuka, anaumiza. King'ora kiwekwe kwa soja au kwa jirani, na kitufe kibandikwe chini ya kaunta, usawa wa goti, kibonyezwe bila mtu kuinama. Akiagizwa kutoa pesa, azitoe. Kitufe kingoje mpaka mwizi ageuze mgongo.

Kasoro kubwa ni stima: ikipotea, king'ora cha adapta pekee kinanyamaza, na gizani ndipo kinapohitajika zaidi. Chukua chenye betri ya akiba ndani. Umbali ulioandikwa kwenye pakiti hupimwa mahali wazi. Kuta za mawe na milango ya chuma huupunguza sana, kwa hiyo jaribu ukiwa chooni, stoo na chumba cha dawa kabla ya kulipa fundi. Betri ya rimoti, mara nyingi ya saizi ya 23A au 27A, huisha bila dalili. Ijaribiwe kila wiki, zamu ikianza.

Linalotuudhi ni mwajiri anayenunua kitufe kisha anamwacha mtu mmoja usiku kucha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 imemtwika yeye jukumu la usalama, hivyo kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya rimoti ni dhuluma. Kabla ya kufunga kifaa, liandikwe ubaoni jina la atakayeitikia kila zamu, na la pili endapo wa kwanza hayupo. Zamu isiyo na majina hayo, king'ora kitalia na hakuna atakayekuja.