Uzoefu wangu na programu ya ankara: ukurasa wa bei ndio ulionishawishi

Nina duka la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na hulipia kila mwezi programu ya kutoa ankara na kufuatilia bidhaa zilizoko stoo. Kuhusu programu yenyewe nitasema tu kwamba inafanya kazi iliyoahidi, na ankara zake huingia bila usumbufu katika eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Ninalotaka kulieleza ni ukurasa wake wa bei, kwa kuwa ndio ulionifanya niihame programu ya awali.

Ile ya awali ilitoza kwa dola. Dola moja ilipokaribia shilingi 160 mwezi wa Januari 2024, kifurushi cha dola 30 kilifika takriban shilingi 4,800. Katikati ya mwaka huo, dola iliposhuka hadi karibu 130, kifurushi kilekile kikawa kama shilingi 3,900. Mwenye programu angeweza kusema kwa haki kwamba hakupandisha bei, lakini mimi ninayeuza kwa shilingi sikuweza kupanga matumizi ya mwezi uliofuata. Isitoshe, kodi ya VAT, ambayo ni asilimia 16, haikuonekana mpaka hatua ya mwisho ya kulipa, na mtu akishaonyeshwa shilingi 3,000 kisha akadaiwa 3,480, huanza kutilia shaka hata yale mengine aliyoambiwa kwa ukweli.

Ukurasa wa programu ya sasa unataja bei kwa shilingi, kodi ikiwa ndani, na papo hapo unaeleza kwamba mtu anaweza kulipa kwa M-Pesa. Vifurushi vyake vitatu vimetenganishwa kwa mambo ambayo mwenye duka anayajua bila kumuuliza mtaalamu: matawi mangapi, wahudumu wangapi wanaoingia katika mfumo, na ankara ngapi kwa mwezi. Nilichokithamini zaidi ni maelezo ya kinachotokea mteja anapopitisha idadi ya ankara: hafungiwi kazi katikati ya mauzo, bali hutozwa kiasi kidogo kwa kila ankara ya ziada, na kiasi chenyewe kimeandikwa. Haya yote niliyasoma kabla ya kuombwa nambari ya simu.

Hata hivyo, kuna yanayohitaji kurekebishwa. Kifurushi cha kati kimepakwa rangi na kuandikwa kwamba ndicho kinachopendwa zaidi, ilhali duka la mhudumu mmoja linatoshelezwa kabisa na kile cha chini. Ingefaa zaidi kuandika kila kifurushi kinamfaa nani. Kifurushi kikubwa hakina bei, kina mwaliko wa kupiga simu tu, na mwenye matawi kadhaa angesaidika sana kujua angalau bei inaanzia wapi. Jedwali la kulinganisha nalo hukatika kwenye simu, na wengi wetu huku tunasoma kwa simu, tukiwa dukani, kati ya mteja mmoja na mwingine.

Anayelipa kwa mwaka hupunguziwa gharama ya miezi miwili. Punguzo hilo ni zuri, ila ukurasa hausemi kama anayesitisha katikati ya mwaka hurudishiwa chochote, na kwa sababu hiyo ninaendelea kulipa kwa mwezi.